Talaka ya Mtihani

Gazeti lilifika kwa kina Munirah likiwa limeshasomwa na nusu ya Naguru. Lilipita kwa kinyozi, likapita kwa muuza mkaa, likakaa kidogo kwa mama wa chapati, na lilipoingia sebuleni kwa Maimunah lilikuwa na doa la mafuta pembeni, karibu kabisa na jina la binti yake. Munirah Ramadhan. Alikuwa amefaulu mtihani wa kadeti wa polisi, ule mtihani ambao waliokuja kuufanya walijaza kumbi na mahema, na waliochukuliwa wangeenea kwenye basi moja. Maimunah alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje na povu la sabuni mikononi.

Munirah hakupiga kelele. Kidole chake kilikuwa kimeshaliacha jina lake mwenyewe, kinashuka, kinapanda, kinashuka tena. Akina Kasim walikuwa wawili, mmoja wa Masaka na mmoja wa Arua. Kasim Farajallah wa Port Bell hakuwemo.

"Tafuta vizuri," mama yake alisema, vigelegele vikimkauka mdomoni. "Hii watu wa magazeti naruka majina."

"Hawajaruka, Mama."

"Banange." Maimunah akakaa chini juu ya mkeka. "Sasa itakuaje?"

Swali hilo halikuwa la mtihani tu. Mwingine angesema, kijana kafeli, atafanya tena mwakani, maisha yanaendelea. Lakini Kasim na Munirah walikuwa wamefungana na mtihani huo kwa fundo la ajabu ambalo hata mimi ninayesimulia nashindwa kucheka nikilikumbuka.

Walijuana kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, kila mmoja ameshika upande wa kitabu kile kile cha maswali ya miaka iliyopita, hakuna anayetaka kuachia. Kasim alikuwa karani wa mizigo bandarini Port Bell, anahesabu mabehewa yanayoshuka kutoka kwenye feri, mrefu, mwenye macho ya kuchekacheka. Aliachia kwanza. "Nunua wewe, dada," alisema. "Mimi nitakuja kusoma kwako." Munirah alidhani ni maneno ya vijana wa mjini. Jumamosi iliyofuata akamkuta mlangoni kwao, kavaa shati lililopigwa pasi, kaja na penseli.

Maimunah hakuwa mama wa kuchezewa. "Msichana na kijana hawafundishani hesabu mpaka magharibi bila nikaha," alisema. "Sisi Wanubi bado tuna macho, na majirani wana midomo." Kasim akajibu kwamba nikaha ndiyo hasa aliyokuwa anaitafuta, hesabu ilikuwa kisingizio. Tatizo likawa kwa Baba Mdogo Abdunoor, ndugu wa marehemu baba yake Munirah na ndiye walii wake, wa kumwozesha. Abdunoor alistaafu udereva wa polisi, na kwake yeye mwanamume asiye na mshahara wa serikali alikuwa mtoto mkubwa tu. Alinuna, akakohoa, mwishowe akakubali kwa sharti: nikaha isomwe, mahari itolewe, lakini bibi harusi abaki kwa mama yake, asiguswe hata ukucha, mpaka Kasim aajiriwe na serikali. Siku hiyo ndiyo zingekuja hina na moshi wa udi na ngoma ya wanawake.

Mtaa mzima uliiita nikaha ya kusomea. Mahari ilikuwa jozi moja ya hereni za dhahabu za bibi yake Kasim, na Munirah hakuzivua hata siku moja.

Wakasoma basi. Maimunah alikaa mlangoni anasuka kawa za rangi za kufunikia chakula, na kwa kusikiliza tu akazijua hesabu za asilimia kuliko wauza duka. Kasim alikuwa hodari wa hesabu lakini ukimpa insha anazunguka kama mtu aliyepotea Kabalagala siku ya Jumamosi. "Jibu swali uliloulizwa!" Munirah alikuwa akimgombeza. "Wakiuliza ndiyo au hapana, ukiwaandikia hadithi hupati alama." Kitu pekee kilichopita mkononi mwake kwenda mkononi mwa mumewe kilikuwa raba ya kufutia. Ilipomrudia ilikuwa na joto la vidole vya Kasim, na Munirah aliikamata kwa muda kabla ya kufuta chochote. Alimpenda mno. Alipenda hata makosa yake ya insha.

Kisha ikaja habari ya kiapo. Kila anayeomba aape mbele ya hakimu kwamba hana mke au mume, na kwamba hataoa wala kuolewa mpaka mafunzo yaishe. Wengine walicheka, wakaapa, wakaenda kula. Kasim alishindwa. "Wallahi siwezi kushika Kurani kwa uongo," alisema, na kwa siku kadhaa akaja akasoma bila kuzungumza. Halafu asubuhi moja akaingia uso unang'aa.

"Nimepata! Nakuacha talaka moja. Asubuhi nakuacha, mchana tunaapa, tunafanya mtihani. Eda yako ikiwa bado, nakurejea kimya kimya. Kurejea si kuoa, Munirah! Kiapo nakataza kuoana, hakikatazi kurejeana."

Munirah alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Walikuwa wamesoma maswali ya kunasa kwa muda mrefu mno, hata wakadhani Mungu naye anatunga mtihani wa namna hiyo. Kumuuliza sheikh hawakumuuliza, maana walijua angewakatalia. Kasim akasimama pale mlangoni, mbele ya Maimunah na kawa zake, akasema, "Munirah, nimekuacha talaka moja." Njiani kwenda kwa hakimu alitembea upande wa pili wa barabara. "Usinicheke," alimwambia kutoka kule. "Sasa weye ni mwanamke wa watu."

Baba Mdogo alipoambiwa hakugomba. Aliuliza tu kama ni kweli, akamalizia chai yake.

Na siku ya mtihani Kasim aliketi safu ya mbele kidogo. Munirah aliyaona mabega yake kabla karatasi hazijagawiwa, akamwombea dua. Kisha akafungua karatasi. Kuanzia hapo mpaka kengele hakumkumbuka Kasim hata mara moja. Aliandika kama mtu anayekula baada ya kufunga kutwa, akafurahi mpaka moyo ukamdunda, na alipoinua kichwa akamkuta Kasim bado ameinama juu ya insha yake, watu wanakusanya. Hilo hakumwambia mtu.

*

Baba Mdogo Abdunoor alifika kabla ya adhuhuri, kachana ndevu, kashika soda za watu wote. Alisimama katikati ya sebule akampigia Munirah saluti.

"Iko wapi ofisa wangu? Miaka yote nimefungulia wakubwa milango ya gari. Leo mkubwa natoka kwa nyumba yetu!"

"Asante, Baba Mdogo."

"Na yule karani?"

"Hakupita," Maimunah alijibu haraka.

"Bambi, maskini," alisema Abdunoor, lakini kwa sauti ya mtu anayefungua soda.

Kasim aliingia saa hiyo hiyo, na hakuja peke yake. Alikuwa amemshika mkono Sheikh Abubaker, mzee wa msikitini mwenye macho mazito, anamwonyesha mahali pa kukanyaga. Alimkalisha kitini kwa adabu, akamsalimia Maimunah, akamsalimia Baba Mdogo, ndipo akamtazama Munirah. Macho yake hayakuwa na kile kicheko tena.

"Hongera," alisema.

"Kasim, pole sa..."

"Usinipe pole mbele ya watu."

"Basi twende nje tuongee."

"Nje tutaongea nini? Mimi nakuja na sheikh. Nataka kurejea mke wangu. Leo, na watu wasikie."

Maimunah akaweka glasi chini. Abdunoor akacheka kidogo kupitia puani.

"Tulisema kimya kimya," Munirah alisema polepole. "Wewe mwenyewe ulisema. Ukinirejea mbele ya watu, habari itafika kambini kabla yangu. Watanirudisha getini."

"Tulisema hivyo tukiwa tunakwenda sisi wawili. Sasa naenda wewe peke yako, kwa vijana wenye vyeti na viatu vya kung'aa. Nani atajua una mwenyewe?"

"Mimi nitajua!"

"Wewe utajua." Kasim akatikisa kichwa. "Asubuhi nilikuwa hapo kwa kona, Munirah. Nilikuja kukuona mapema, kabla ya sheikh. Nikasikia vigelegele. Nikangoja, nikasema labda baada ya vigelegele nitasikia mtu analia kwa ajili yangu. Nikangoja mpaka nikaona haya."

"Nililia, mwanangu," Maimunah alisema. "Mimi nililia. Baadaye."

"Asante, Mama."

"Kasim," Munirah alisema, "kitabu kile tulikishika wote. Unataka nikitupe?"

"Nataka mke wangu. Ni dhambi?"

"Si dhambi. Lakini unanitaka mimi, au unataka nisiende?"

Kasim alimgeukia mzee. "Sheikh, nilimuacha talaka moja. Eda haijaisha. Mimi nasema mbele yako na mbele ya hawa watu..."

"Ngoja, ngoja kwanza." Sheikh Abubaker aliinua mkono. Alikuwa bado hajamaliza kupoza chai. "Ndoa si mzigo wa bandarini, wa kupakia na kupakua. Naomba kuuliza, na huyu mama anisamehe kwa swali la aibu. Kabla ya talaka, mlipata kukaa faragha, mke na mume?"

Nje mtu alikuwa anaita kuku.

Kasim alimtazama Munirah, na Munirah alimtazama Kasim, na katika kutazamana huko waliambiana mengi kuliko walivyoambiana siku zote za mkekani. Kasim hakuwa ameusoma mlango huo wa sheria, lakini alikuwa mtu wa maswali ya kunasa. Alijua kwamba jibu moja lingemrudishia mkewe na jingine lingemnyang'anya. Na lipi ni lipi, uso wa mzee ulikuwa unasema. Neno moja tu, ndiyo. Maimunah angeweza kubisha, lakini nani humwamini mama wa msichana? Munirah aliuona uongo ukimfika Kasim mpaka mdomoni. Aliona midomo yake ikifunguka. Akashika kitambaa chake kwa ngumi.

"Hapana," Kasim alisema. "Sijamgusa hata mkono. Baba Mdogo alinipa sharti, nikalishika."

Mzee akaweka kikombe chini, taratibu. "Mwanangu, basi hakuna eda. Mke aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda, na pasipo eda hapana rejea. Dakika ile uliyotamka, alishakuwa huru. Ukimtaka sasa ni posa mpya na nikaha mpya, yeye aridhie, na walii wake akubali."

Munirah akashusha pumzi.

Hakukusudia. Ilimtoka yenyewe, pumzi ndefu, aliyokuwa ameizuia tangu Kasim alipoingia na labda tangu kidole chake kilipoliacha jina lake gazetini. Hakuna mtu aliyeisikia ila mmoja.

"Umepumua," Kasim alisema.

"Nini?"

"Nimekusikia. Umepumua kama mtu ametoka kwa mtihani."

"Kasim, si hivyo. Nilikuwa naogopa tu."

"Ulikuwa unaogopa mimi."

Munirah alitaka kusema hapana. Alitaka kusema, nakupenda, nilipenda hata insha zako. Na ilikuwa kweli, kweli tupu. Lakini pumzi nayo ilikuwa kweli, na hakuona namna ya kuimeza tena.

Kasim akamgeukia Abdunoor. "Baba Mdogo, wewe ulikuwa unajua? Siku nilipomuacha, ulijua hakuna kurejea?"

"Hukuniuliza," Abdunoor alisema. "Ulikuwa na akili nyingi, nikakuacha na akili zako. Na kama walii wake nakuambia mapema, posa yako mimi sikubali."

"Nyamaza, Baba Mdogo!" Munirah alisema.

Maimunah akashika kifua. Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kumwambia Abdunoor anyamaze. Abdunoor mwenyewe alibaki na mdomo wazi, soda mkononi, na kwa mara ya kwanza akaonekana mzee.

Kasim alichuchumaa mbele ya mkeka, mahali pake pa siku zote. Sauti yake ikarudi ile ya Jumamosi ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Munirah kupita yote.

"Kale, haya. Tuache walii, walii analainika, tutamletea wazee. Nauliza wewe. Munirah, nikikuposa leo, utakubali? Leo. Si baada ya mafunzo."

"Kasim, ni miezi tisa tu. Naenda, narudi, nina kazi, tunapanga nyumba, wewe unafanya mtihani tena na mimi nakufundisha. Nitakungoja na wewe uningoje. Mimi na wewe tumeshangoja mengi..."

Alisema mengi na mazuri, na kila alilolisema alilikusudia. Kasim alimsikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akimsikiliza akifundisha, kichwa kimeinama upande.

"Wakiuliza ndiyo au hapana," alisema, "ukiwaandikia hadithi hupati alama. Si ndiyo ulinifundisha?"

Munirah akafunika uso kwa viganja.

Sheikh Abubaker alikohoa. Alikuwa mzee mpole, na lililobaki lilimchukiza, lakini lilikuwa sheria. "Kuna jambo la mahari. Talaka ya namna hii, mke hubaki na nusu, mume hurudishiwa nusu. Ila mmoja akimsamehe mwenzake, na kusameheana ndiyo bora."

"Mrudishie zote aende!" Abdunoor alisema, akitafuta sauti yake ya zamani.

Munirah alikuwa ameshapeleka mikono masikioni. "Chukua zote, Kasim. Ni za bibi yako. Nani nitamwambia ni zangu?"

"Nusu," alisema Kasim.

"Kasim, tafadhali."

"Mimi kwako sikutaka zaidi ya haki yangu, na sitaki sasa. Siku ingine ningekuachia jozi yote, nikusamehe, watu waseme Kasim ni muungwana. Leo nimesema ukweli mpaka umenimaliza. Wema haujabaki."

Munirah akavua moja, ya kulia. Alinyoosha mkono kumpa, lakini Kasim hakuupokea. Alielekeza macho chini, naye akaelewa, akaiweka juu ya gazeti, kando ya doa la mafuta. Kasim akaiokota pale. Hata siku hiyo hawakugusana. Akamsaidia sheikh kusimama, akamwonyesha kizingiti, akavaa viatu vyake vya bandarini bila kufunga kamba. Mlangoni alizipita kawa za Maimunah kwa uangalifu asizikanyage.

"Mama, asante kwa chai zote," alisema, akaenda.

Maimunah alisubiri mpaka nyayo zikaisha. "Vua na hiyo ingine," akanong'ona. "Watu watakucheka, sikio moja hivyo."

"Waache wacheke."

"Kambini hawataki hereni," Abdunoor alisema, akitazama soda yake.

Munirah hakuvua. Alilala nayo, akafua nayo, akapanga nayo sanduku lake. Jirani mmoja alimwambia Kasim amehama Port Bell, mwingine akasema yupo, ila anazunguka mbali akija mjini ili asipite Naguru. Munirah alikaa mlangoni Jumamosi mbili mfululizo, akajifanya anamsaidia mama yake kusuka.

Siku ya kuripoti alifika getini na mapema, sanduku kichwani, moyo unamwenda mbio kwa hofu na, Mungu amsamehe, kwa furaha. Ofisa wa kike aliyekuwa akiwapokea hakuinua hata kichwa.

"Jina?"

"Munirah Ramadhan."

"Una mume?"

"Hapana, afande."

Hapo ndipo ofisa akainua kichwa. Akamtazama sikio la kushoto, kisha la kulia.

"Hereni huku ni marufuku. Vua. Na ingine iko wapi?"

Munirah akaivua. Alikuwa na mengi ya kumweleza, lakini akakumbuka namna ya kujibu maswali.

"Ingine iko kwa mwenyewe, afande."